Ninamwandikia anayejua

Kazi yangu ya kila siku ni ukarani wa mizigo hapa gatini, Amu, yaani Lamu. Chombo kikishafunga kamba nashuka na daftari langu: magunia ya unga, kreti za soda, simiti, mbao, magodoro, friji ya mtu aliyefungua duka Kizingitini. Naandika kilichokuja, kiasi chake, kilikotoka, ni cha nani na nani amekipokea. Usiku, baada ya Isha, naandika mambo mengine: habari za mji wenyewe, watu wake na kazi zao. Nimefanya hivyo kwa miaka, na kuna vijana wa mtaani kwetu wanaotaka kuanza ambao huniuliza nimejifunza nini. Huwa nawajibu njiani, maneno mawili matatu, huku punda wanapita na kila mtu ana haraka zake. Leo nataka kuwajibu kwa utulivu.

Kubwa kuliko yote nililipata katika daftari la mizigo. Karani hawezi kuandika "mzigo mkubwa umefika." Mwenye mzigo atakuja, atataka kujua magunia ni mangapi, lililoraruka ni lipi, na nani aliyelibeba. Yeye anaujua mzigo kunishinda, maana ni wake na ameulipia. Kila ninachoandika mle kitasomwa na mtu mwenye haki nacho. Nilipoanza kuandika habari za mji niliingia na tabia hiyo hiyo. Nikiandika juu ya jahazi, namweka mbele yangu fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi. Nikiandika juu ya harusi, namweka mbele yangu mama mmoja wa mtaa wa Langoni ambaye hakuna kupamba bibi harusi asikoitwa. Nikiandika juu ya bahari, wamekaa mbele yangu manahodha wa vyombo vya Pate na Siyu, na hao hawasamehe. Msomaji wangu wa kwanza ni mtu ambaye habari anaijua tayari.

Vijana hushangaa nikiwaambia hivi. Huuliza, ami, anayejua atasoma nini tena? Atasoma, na atasoma mpaka mwisho. Watu wa hapa hawachoki habari za kwao. Wakikaa barazani baada ya alasiri husimuliana mambo ambayo wote waliyaona, na raha yake ni kusikia kama msimuliaji ameyashika sawasawa. Ukiyashika, watakuongezea usilolijua. Huko kuongezewa ndiko kulikonifanya niendelee miaka yote hii.

Msomaji wa kutoka mbali huridhika upesi. Mwambie mji hauna magari, una punda, vichochoro ni vyembamba, milango imechongwa, jua likizama bahari inakuwa ya dhahabu. Yote kweli, na yote yanaandikika na mtu aliyelala hapa usiku mmoja. Sina ugomvi na mgeni, anaandika kinachomshangaza. Ila mwenyeji akiandika hayo hayo hajaupa mji wake kitu. Chukua punda tu. Jirani yangu anataka kujua punda ni wa nani, shogini, yale makapu ya mgongoni, mna mchanga au mawe, na kijana anayemswaga anaenda shule saa ngapi. Tangu 1987 tunayo hospitali ya punda ya The Donkey Sanctuary. Nenda ukae pale asubuhi moja. Utaona vidonda vya kamba migongoni, utaona punda aliyeumwa tumbo kwa kumeza plastiki jaani. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na bado jaa letu halikosi plastiki. Nilipoandika hayo, waliosoma walikuwa wale wale wanaotupa taka na wale wale wenye punda. Palikuwa na maneno makali pale sokoni mbele ya ngome, na mimi niliyafurahia, kwa sababu watu walikuwa wanazungumza juu ya punda wao kwa majina.

Sasa niwasimulie Matondoni, maana huko ndiko nilikojifunza jinsi ya kufanya kazi yenyewe.

Ufuoni palikuwa na jahazi limepandishwa, limeegemezwa kwa magogo, mbao za ubavuni zimeshapigiliwa kwenye mataruma, mbavu za chombo. Fundi alikuwa anatia kalafati, kuziba nyufa maji yasipite. Alichukua uzi wa pamba uliosokotwa na kulowekwa mafuta, akaulaza kwenye ufa baina ya mbao mbili, akaushindilia kwa patasi butu na nyundo ya mti. Mlio ulikuwa mzito mwanzoni. Pamba ilipokaza ukawa mkavu, na hapo alisogea mbele bila hata kuangalia, sikio limeshamwambia. Nikaandika yote: mbao ni za mti gani, nyufa zinafuatwa kuanzia wapi, deheni, mafuta ya kulinda mbao, itapakwa lini, nani mwenye chombo na anataka kukishusha bamvua lipi, maji makubwa yakijaa. Nilipomaliza sikumpa mtu mwingine asome. Nilirudi Matondoni nikamsomea fundi mwenyewe, kwa sauti, yeye anakunywa kahawa.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, msokota pamba yuwapi?"

Kivulini, nyuma ya jahazi, kulikuwa na mzee aliyekaa chini kwenye jamvi akisokota pamba juu ya paja. Kutwa nzima kazi yake ni hiyo. Fundi akanieleza kwamba uzi ukiwa mnene hapa na mwembamba pale maji yatapita, hata yeye apige nyundo mpaka usiku. Yule mzee ndiye aliyemfundisha kazi. Mabega yamechoka nyundo lakini vidole bado vina habari zake. Nikahamia kivulini. Nilikaa naye mpaka alasiri, akanionyesha anavyoivuta pamba kwa kidole gumba na cha pili, anavyoitenga ile yenye mbegu, anavyojua kwa kugusa kwamba mafuta yamezidi. Aliniambia majina ya vyombo alivyovipigia kalafati ujanani, na vingapi kati ya hivyo bado viko baharini. Mpaka leo watu wakinisimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kuniambia wamenisoma, wanamtaja huyo mzee.

Tangu hapo sitoi kitu kabla mwenye habari hajakisikia. Nasema kusikia kwa makusudi. Wazee wetu wengi wanasoma herufi za Kiarabu vizuri sana, lakini maandishi madogo ya simu yanawachosha macho, na wengine hawana simu za namna hiyo. Kwa hivyo nakwenda na karatasi, nasoma. Ni kazi ya kutembea. Mtu wa Shela nitamfuata Shela, wa Kipungani nitangoja chombo. Ukisoma mbele ya mtu, sentensi iliyokaa vibaya itakukwama mdomoni palepale, na mahali ulipotia chumvi utaona macho yake yanashuka. Hakuna mhariri aliyenifaa kuliko hayo macho.

Jambo la pili ni sitara, na hili nataka vijana walishike sana kwa sababu simu zimerahisisha kila kitu. Mji huu nyumba zinashikana kuta. Anayekohoa, jirani anasikia. Sote tunajua nani anadaiwa na nani, ndoa gani ina mashaka, nani amerudi kutoka hospitali Mombasa na habari isiyo nzuri. Kulijua jambo hakukupi ruhusa ya kuliandika. Tazama nyumba zetu za mawe zilivyojengwa. Mlango uko wazi na kwenye daka, ukumbi wa mlangoni, pana baraza, mtu yeyote atakaa. Ukiingia unakutana na tekani, ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, na njia inapinda, hata mpita njia akichungulia haoni kiwanda, yaani ua wa katikati, sembuse msana na ndani, vyumba vya nyuma yake. Maandishi yangu nayajenga hivyo. Msomaji anakaribishwa kwa moyo mkunjufu na anakalishwa pazuri, lakini njia inapinda kabla ya kufika chumbani kwa watu. Mama mmoja alinisimulia jinsi mumewe alivyopotea baharini wakati wa upepo wa kusi, na habari ilikuwa nzito, nzuri mno kwa mwandishi yeyote. Akaniomba nisitaje chombo, kwa sababu nahodha bado yu hai na watoto wao wamesoma pamoja. Sikutaja. Kuna mtu aliniambia habari imepungua nguvu. Huyo mama hukutana nami kila wiki na ananisalimu kwa furaha, na binti yake ndiye aliyeniletea picha za zamani za gati nilizozitumia baadaye.

Upande wa pesa nitaupita upesi. Mwenye nyumba moja ya wageni alinitaka niandike sifa za nyumba yake, malipo mazuri, jina langu chini. Nilikataa, na ningekataa tena. Karani anayepokea cha pembeni daftari lake halisomwi na mtu.

Tarehe, lakini, sitazipita upesi. Andikeni tarehe. Ya Kiislamu na ya kizungu, zote mbili, juu ya kila karatasi. Watu wa hapa hupanga miaka kwa matukio: mwaka wa mvua kubwa, mwaka fulani alioa, Maulidi yale ambayo msikiti wa Riyadha ulijaa mpaka watu wakalala kwenye mabaraza. Ni hesabu nzuri kwa walioishi wakati ule. Mtoto aliyezaliwa juzi haimsaidii. Ngome yetu ilimalizika kujengwa mnamo 1821, hilo utalikuta limeandikwa kila mahali. Wanaoikumbuka kama jela, ilivyokuwa mpaka 1984, wanazidi kuondoka, na wajukuu wao wanaingia mle kwenye maktaba na kwenye harusi bila kujua ni nani alikuwa anapelekwa chakula mlangoni. Kumbukumbu za hao wazee ndizo nilizoziandika kwanza, kabla ya historia ya masultani, kwa sababu za masultani zimeshapata wa kuziandika.

Wanaosema kwamba Amu wakati umesimama hawajakaa. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki alikuja na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini, wakaweka jiwe la msingi la bandari mpya ng'ambo ya pili, upande wa bara. Meli za kwanza zilitia nanga pale tarehe 20 Mei 2021. Katikati yake, Juni 2014, kulitokea mauaji ya Mpeketoni, mji wa upande wa bara, kukafuata amri ya kutotoka usiku na marufuku ya kuvua usiku. Mvuvi wa nyavu za usiku anakula nini akiambiwa alale? Wiki zile niliandika mambo madogo tu: saa ambayo soko la samaki liliisha, nani aliuza mashine ya boti, nani alihamia kubeba mchanga. Wakati ule yalionekana hayana uzito. Leo mtu akitaka kujua mji uliishi vipi miezi ile, hayo ndiyo anayoyataka, na mimi nikiyasoma nasikia tena ule ukimya wa magharibi.

Na bandari ilinifundisha kurudi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyowapata kutokana na ujenzi. Siku ya hukumu kila mtu aliandika. Kilichofuata, waandishi walishaondoka. Mimi sina pa kuondokea, kwa hivyo niliendelea kuwaendea wavuvi wale wale: unavua wapi sasa, unatumia mafuta kiasi gani kufika huko, mtoto wako amefuata bahari au ameomba kazi bandarini? Mwaka wa kwanza walinijibu kwa hasira, wa pili kwa hesabu, baadaye wakaanza kunieleza juu ya samaki wenyewe, wapi changu wamehama na wapi kamba wamepungua. Mtu hakupi habari za samaki siku ya kwanza. Mwandishi anayekuja mara moja huondoka na hasira peke yake.

Vivyo hivyo nyumba. Mji mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, na watu wengi huandika juu ya orodha. Mimi nimekuwa nikirudi kwenye ukuta mmoja wa jirani. Alipiga plasta ya simiti juu ya mawe ya matumbawe kwa kuwa ni ya haraka na fundi alimwambia itadumu. Mawe yetu yanavuta unyevu, na chokaa huuachia utoke. Simiti iliufungia ndani, ukuta ukaanza kutoa chumvi, kisha plasta ikabanduka vipande. Msimu baada ya msimu niliandika ukuta ule ulivyo, mpaka alipoita fundi wa chokaa. Watu waliokuwa wanataka kukarabati nyumba zao wakaja kwake kuuona kwa macho yao. Nafurahi kwa hilo kuliko kwa sifa yoyote niliyowahi kupewa.

Kuna anayeogopa kwamba akiwaandikia watu wa kwao tu, maneno yake hayatavuka maji. Namkumbusha Mwana Kupona, mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Mwaka 1858 alitunga utendi wake kwa ajili ya mtu mmoja, bintiye Mwana Hashima, akimuusia mambo ya dini na ya nyumba yao. Hakuwaza mtu wa ng'ambo, na leo unasomwa ng'ambo zote. Hapa kwetu pia Wajerumani walifungua posta mwaka 1888, ikafungwa 1891, na jengo lake ni makumbusho sasa. Nikiingia mle nawaza zile barua. Kila moja ilikuwa na jina la mtu juu yake.

Kwa hivyo, kijana wangu, usiniulize utapata wasomaji wangapi. Niambie jina la mtu utakayemsomea kwanza. Kama huna, shuka gatini, kaa barazani, sikiliza, utampata. Kuhusu saa ya kuandika na urefu wa kuandika sina la kukufunza, kila mtu na nyumba yake na watoto wake. Mimi Ijumaa usiku haipiti bila kuandika, hata kama ni ukurasa mmoja juu ya bei ya tui.

Sasa hivi niko kwenye boriti. Nataka kuandika biashara ya miti ya mikoko ilivyokuwa kabla ya 1982, serikali ilipopiga marufuku kuisafirisha nje, wakati majahazi yalipakia hapa na kungoja kusi yaende Arabuni. Fito, pau, mazio, boriti, nguzo, nimeshazipata zote kwa vipimo vyake, na namna zilivyohesabiwa kwa korija, miti 20 kila korija. Wakataji wa Pate na Ndau wamenipokea vizuri. Ninachokosa ni makarani. Lazima palikuwa na watu waliosimama pale nilipo mimi leo na madaftari yao, wakiandika korija ngapi zimeingia chombo gani na nahodha ni nani. Kama baba au babu yako alikuwa mmoja wao, au kama sandukuni kwenu kuna daftari la hesabu ambalo hamjui la nini, msilitupe na msiliuze. Nitafuteni gatini. Vyombo vya Pate huondoka kufuatana na maji, kwa kuwa Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari wanaoupita, haupitiki maji yakitoka, basi saa zangu hubadilika kila siku, ila waulizeni wapagazi, wanajua nilipo. Nitalisoma hapohapo mbele yenu, na litarudi nyumbani kwenu siku hiyo hiyo.